Msitwambie kompyuta inaandika lugha zote

Mhariri,

Salaam aleikum na poleni na kazi. Wiki iliyopita mlitoa barua ya msomaji mmoja anayesema ati hizi kelele za lugha kupotea ni kelele za bure, manake siku hizi kompyuta inaandika lugha zote, ukitaka Kichina kipo, ukitaka Kiarabu kipo, ukitaka Kihindi kipo, kazi ni kubonyeza tu. Nilicheka, alafu nikakasirika kidogo, kwa sababu si zamani sana nilikuwa nimebeba boksi zima la karatasi kupeleka kwa muuza njugu akafungie njugu zake, karatasi za pesa yangu, na zilizoniponza ni vistari vyembamba kuliko ukope wa mtoto.

Mimi nachapa. Sichapi magazeti kama nyinyi, nina kaduka ka mlango mmoja Mwembe Tayari, kadi za harusi, vitabu vya risiti, kalenda za madrasa, Yasini za hitma, fotokopi na laminesheni. Kiarabu nimechapa mpaka nimechoka. Kigujarati pia nimechapa, si sana. Kwa hivo alipokuja huyu mzee sikushtuka, nikaona ni Mhindi kama Wahindi wetu, kumbe si Mgujarati wala si Mpunjabi, ni Mtamil, kwao Chennai kusini mwa India, mhasibu aliyekuja kwa kazi miaka mingi iliyopita akawa hajarudi, na Kiswahili chake kimenyooka isipokuwa akikasirika.

Alikuja na kitabu kidogo cha marehemu babake, kimeiva rangi kama chai, kurasa zinadondoka. Ndani ni Rudram, ile sala ya Yajurveda (moja ya Veda, vitabu vitakatifu vya Wahindu) wanayomsomea mungu wao Shiva. Anataka nakala 50 za maandishi makubwa, manake wazee wenzake macho yamekwenda, na vijana wao waliozaliwa huku wanasoma Kitamil kwa kubabaisha. Nikamwambia mzee hiyo ni kazi ya siku tatu. Akaniangalia tu.

Sasa naomba mnisikilize hapa, manake ndipo penye utamu. Kile kitabu kina herufi za Kitamil lakini lugha yake si Kitamil, ni Kisanskriti, kama vile bibi zetu walivokuwa wakiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Kitamil kina irabu 12 na konsonanti 18 basi, na ka, kha, ga, gha zote zinaandikwa kwa herufi moja. Mtamil akisoma Kitamil chake haimtatizi, anajua mwenyewe. Lakini Kisanskriti hizo ni herufi nne mbali mbali na ukizichanganya umeharibu. Wachapaji wa kule kusini mwa India wakafanya ujanja, wakatia tarakimu ndogo juu kwenye bega la herufi: isiyo na tarakimu ni ka, yenye 2 ni kha, yenye 3 ni ga, yenye 4 ni gha, na hivo hivo kwa cha na ta na pa. (Ningewaandikia mfano lakini najua mashine yenu itatoa visanduku vitupu, na msomaji atasema mwandishi kalewa.)

Na sisi watu wa Mvita tusijifanye hayatuhusu. Hebu sema paa la nyumba, alafu sema p'aa yule mnyama wa porini. Umesikia ile pumzi? Sema tembo la mnazi, alafu t'embo mwenye mkonga. Kaa la moto, na k'aa wa pwani anayetembea upande. Mtoto wa Old Town hawezi kukosea hayo hata akiwa usingizini, lakini akienda shule anafundishwa kuandika yote sawa sawa, kwa sababu mwaka 1928 ilipokaliwa kikao hapa hapa Mombasa kuchagua Kiswahili sanifu, kilichochukuliwa ni Kiunguja, na pumzi yetu ikabaki mdomoni haikuingia kwenye karatasi. Nilipomweleza mzee haya alicheka mpaka akavua miwani. Tangu siku hiyo akiingia dukani ananisalimu "fundi wa p'aa".

Juu ya tarakimu kuna jambo la pili, na hili ndilo lililonimaliza. Veda hazisomwi kama unavyosoma barua, zina kupanda na kushuka kwa sauti, na vitabu vyao vimetiwa alama za hilo. Kistari cha kulala chini ya herufi, sauti inashuka. Kistari cha kusimama juu yake, sauti inapanda. Vistari viwili vya kusimama, inapanda na inavutwa. Isiyo na kitu inabaki kati. Karne na karne wenyewe walihifadhi kwa mdomo, mwalimu anasema mwanafunzi anarudia, kama chuoni kwetu, na huo usomaji UNESCO iliutangaza mwaka 2003 kuwa katika kazi bora za turathi za mdomo na zisizoshikika za binadamu. Kwa hivo kile kistari si pambo. Ni kama irabu kwenye msahafu. Kuna mwislamu atakubali nimchapie Yasini nimwambie shekhe nimeondoa kasra na dhamma, zile alama za i na u, manake fonti yangu haina?

Basi. Mzee mwenyewe alikaa miezi akiyaandika kwenye laptopu yake, akaniletea flashi. Nafungua faili, naona maajabu. Kila penye kistari pametokea kiduara cha nukta nukta, na kistari kimekaa juu ya kiduara badala ya kukaa juu ya herufi, ukurasa mzima kama mtu kamwaga shanga. Nikabadilisha fonti. Ikawa visanduku. Nikabadilisha nyengine, vistari vikaja lakini vimehamia kwa jirani. Na zile tarakimu, 2 na 3 zinafanana vizuri, 4 imekuja nene na fupi kama imetoka kitabu chengine.

Mzee alisema alishapeleka duka moja Nairobi, wakamwambia afute hivo vistari, nani ataona. Mimi nikataka kujionyesha. Nikasema nitavichora kwa mkono. Nikafungua ile programu ya kuchorea kadi, nikaweka maandishi bila alama, alafu nikawa napachika kistari kimoja kimoja juu ya maandishi, usiku kucha, wiki nzima, mke wangu ananiuliza kwani unachapa pesa. Ikapendeza kweli. Alafu siku ya kuchapa mzee akanipigia simu, fundi ongeza herufi ukubwa kidogo tu, nikaongeza, nikachapa nakala zote 50, nikafunga pini.

Nadhani wachapaji wenzangu washaelewa nilichofanya. Maandishi yalikua, mistari ikasogea, maneno yakaruka mstari wa chini, vistari vyangu vikabaki pale pale vilipokuwa, manake kwa kompyuta ile ni michoro tu, haijui ni ya herufi gani. Mzee akaja, akakaa kwenye stuli, akaanza kusoma midomo ikicheza bila sauti. Ukurasa wa tatu akasimama. Akaniambia, "Fundi, hapa umemuua Vritra tena."

Nikamuuliza Vritra ndo nani. Akanihadithia. Tvashtri alikuwa na kisasi na Indra, mfalme wa miungu yao, akafanya ibada azaliwe mtu wa kumuua Indra, akatamka neno indrashatru, muuaji wa Indra. Lakini akaipandisha sauti mahali pasipo pake, na neno lile lile, herufi zile zile, likawa na maana ya yule ambaye muuaji wake ni Indra. Vritra akazaliwa, na aliyekufa ni yeye. Wallahi nilinyamaza, manake nilikumbuka kisa tulichosimuliwa chuoni, cha yule msomaji wa aya ya tatu ya Sura Tawba aliyetia kasra kwenye neno la Mtume mahali pa dhamma, ikawa ati Mwenyezi Mungu amejitenga na washirikina na Mtume wake, astaghfirullah, na tukaambiwa ndo sababu moja wazee wakaona lazima maandishi yatiwe alama. Mzee akaniambia basi umeelewa, nikamwambia nimeelewa, na boksi likaenda kwa muuza njugu.

Aliyenitoa shimoni ni mpwa wangu, kijana wa kompyuta yuko Nyali. Alinieleza nikaandika kwenye daftari, na nawaandikia hapa kwa sababu sikuwahi kuona gazeti la Kiswahili limeeleza.

Kila herufi ya dunia siku hizi ina nambari yake kwenye orodha moja inaitwa Yunikodi. Kitamil kimo kwenye orodha hiyo tangu mwanzo, mwaka 1991, kina mtaa wake, yaani fungu lake la nambari. Lakini hivi vistari vya Veda havikai mtaa wa Kitamil. Kile cha juu na kile cha chini wamepewa nyumba mtaa wa Devanagari, zile herufi za Kihindi, na kile cha vistari viwili kiko mtaa mwengine kabisa uliojengwa mwaka 2009 kwa ajili ya alama za Veda tu. Hakuna kosa hapo, alama ni za kushirikiana, Kitamil kinaruhusiwa kuzitumia. Tatizo ni wenye kuchora fonti. Mtu akiambiwa chora fonti ya Kitamil anachora mtaa wa Kitamil, anafunga mlango. Ukiandika kistari, kompyuta inatafuta ndani ya fonti haikioni, inakwenda kuazima kwenye fonti nyengine, na kistari cha kuazima hakijui kikae wapi. Programu nyengine ndo hiyo inakuwekea kiduara cha nukta, maana yake alama hii sioni mwenyewe. Hata ile tarakimu 4 ni hadithi hiyo hiyo, 2 na 3 ndogo ziko kwenye mtaa wa zamani wa herufi za Kizungu ambao karibu kila fonti inao, 4 ndogo iko mbali, kwa hivo fonti nyingi hazina.

Na kuongeza alama kwenye fonti si kunakili na kubandika, hapo ndo nilipomheshimu huyu kijana. Alichukua fonti moja ya Kitamil ya bure, yenye ile leseni huria ya shirika la SIL, ambayo unaruhusiwa kuibadilisha na kuigawa ila usiiuze peke yake, na ikiwa wenyewe wamehifadhi jina basi yako uipe jina jengine. Akaifungua kwa FontForge, programu ya bure pia. Vistari akavichora upya, manake vya Devanagari vimepimwa kwa herufi zinazoning'inia kwenye ule mstari wa juu kama nguo kwenye kamba, na Kitamil hakina kamba hiyo, herufi zake ni pana, za mviringo, nyengine zimejikunja kama konokono. Upana wa kistari akauandika sufuri, ili kisisukume herufi inayofuata.

Alafu akaanza kutia nanga. Ndo neno lenyewe mhariri, sikulitunga mimi, kwenye fonti kila herufi inatiwa nanga na kila alama inatiwa nanga yake, na kompyuta ikikutana na hizo mbili inazifunga pamoja kama jahazi na gati. Ukikuza herufi, alama inafuata. Ukihamisha mstari, inafuata. Kile nilichofanya mimi wiki nzima kilikuwa ni kusimamisha majahazi bila nanga alafu nikashangaa maji yalipokuja.

Lakini nanga ngapi? Konsonanti 18, weka na zile sita za Grantha, yale maandishi ya kale ya kusini mwa India ya kuandikia Kisanskriti, ambazo Watamil washazizoea kwa maneno ya kigeni, na kila moja ikiungana na irabu inabadilika umbo. Ile i inapanda juu kulia, kwa hivo kistari cha kusimama lazima kipande zaidi ama vitagongana. Ile u kwa baadhi ya herufi inashuka chini kama mkia, kwa hivo kistari cha kulala kishuke zaidi. Ile o inakaa pande zote mbili za herufi, moja mbele moja nyuma, sasa katikati ni wapi? Na tarakimu inapokuja kwenye bega, kistari kikae juu ya herufi au juu ya tarakimu? Mpwa wangu hajui, mimi sijui, tukamwita mzee. Akaja na kitabu cha babake na kioo cha kukuzia, akawa anatuonyesha, hapa juu ya herufi, hapa sogeza, hapa la. Jioni baada ya jioni. Chai yangu ya tangawizi ameimaliza. Na nilichogundua ni kwamba kijana hodari wa kompyuta bila yule mzee asingefika popote, na mzee bila kijana angebaki na kitabu kinachodondoka.

Kabla sijasahau, msidhani wenyewe Watamil wanakubaliana. Mzee alituambia mwaka 2010 kulitokea pendekezo la kuongeza herufi 26 za Grantha kwenye Yunikodi kwa jina la Kitamil kilichopanuliwa, kule Tamil Nadu kukawaka, watu wakasema Kisanskriti kinataka kuingilia lugha yetu kwa mlango wa nyuma, mpaka serikali ya jimbo ikaomba mambo yasimame kwanza. Grantha ilikuja kupewa mtaa wake yenyewe mwaka 2014. Mimi nawaelewa wale waliokataa. Mtu akija leo aseme alfabeti ya Kiswahili inaongezwa herufi 26 kwa ajili ya lugha nyengine, hata mimi nitapiga kelele. Lakini fonti si alfabeti. Fonti ni sanduku la vifaa, kuwa na nyundo ndani hakukulazimishi kupiga msumari. Anayeandika Kitamil kitupu hatakiona hata kile kistari.

Sasa nirudi kwa yule msomaji wenu na kompyuta yake inayoandika lugha zote.

Ndugu yangu, andika ng'ombe kwa simu. Ile alama ya katikati iko ya aina tatu kwenye Yunikodi na zote kwa macho karibu ni moja, simu inatia hii, kompyuta ya ofisini inatia ile, na ukitafuta ng'ombe kwenye faili mara nyingi inakupatia nusu ya ng'ombe wako. Watu washachoka wanaandika ngombe. Haya, ng'oa na ngoa je? Moja ni kung'oa jino na nyengine ni wivu, na nimechapa kadi ya taarab yenye kosa hilo, nikafokewa na bibi harusi mwenyewe. Na hapo ni Kiswahili sanifu, lugha ya mamilioni ya watu. Kimvita chenyewe na t zake mbili, ile ya menoni na ile ya ufizini? Taylor, yule mmishenari aliyekaa hapa mwisho wa karne ya 19, alikuwa akizitia alama ili asizichanganye, na leo miaka zaidi ya mia baadaye sisi wenyewe hatuzitii.

Na nyaraka za Kiswahili cha herufi za Kiarabu ndo usiseme. Ziko majumbani Old Town, Kuze, Lamu, masanduku na masanduku. Muyaka bin Haji tunayejivunia aliandikwa kwa herufi hizo. Kiarabu hakina p, hakina ch, hakina v, hakina ng', kasra inafanya kazi ya i na e, dhamma ya u na o, kwa hivo kila mwandishi alikuwa na ujanja wake, huyu katia nukta tatu, yule kaazima herufi ya Kiajemi, mwengine kakuachia ukisie. Miezi sita iliyopita mama mmoja aliniletea utenzi wa nyanyake nimchapie kama ulivo, nikajaribu, kuna alama mbili nyanya alizitia mwenyewe kutofautisha e na i, fonti zangu zote hazina. Nilimwambia mama haiwezekani. Leo najua nilimdanganya, na nambari yake ya simu nimeipoteza, kwa hivo mama kama unasoma gazeti hili tafadhali pita dukani, ni mkabala na wauza mikeka.

Ninachoomba ni kitu kidogo. Wenye hizo nyaraka wakae siku moja na vijana wa kompyuta, hata kwenye baraza tu, waandike orodha, alama hii tunayo, hii hatuna, hii ikae juu, hii ikae chini. Watamil hawakungoja mtu wa Marekani awatambue kistari chao, wenyewe walijua kinakaa wapi. Kampuni ya fonti haiwezi kujua nyanya wa Kuze alikusudia nini.

Vitabu vya mzee vilitoka mwezi uliopita, nakala 50. Alisoma kurasa zote pale pale dukani, safari hii kwa sauti, mpaka muuza kahawa akaja kusimama mlangoni. Akapata makosa mawili, yote ya kwake mwenyewe ya kuandika. Tukayarekebisha kwa kalamu, moja moja, mara 50.

Mwisho mhariri, mkiitoa barua hii nawaomba mkague ile alama kwenye p'aa, t'embo na k'aa kabla haijakwenda mtamboni. Juzi kwenye ukurasa wenu wa michezo iligeuka ikawa kichwa chini.

Mchapaji wa kadi,
Mwembe Tayari, Mombasa